Meza mbili, nne au nane? Ulinganisho kwa mchezaji wa poka ya dau dogo mtandaoni

Mtu akianza kuona faida kwenye meza mbili za poka kwa wakati mmoja, hesabu inayomjia kichwani ni ya kuzidisha: kama mbili zinaleta hiki, nane si zitaleta mara nne yake? Nami nilipiga hesabu hiyo hiyo. Nikajaza skrini, na miezi miwili baadaye mikono niliyocheza (mkono ni mchezo mmoja, tangu karata kugawiwa hadi mshindi kupatikana) ilikuwa imeongezeka mara nne huku salio liko palepale, kama mtu anayekimbia huku ameshikwa shati.

Ulinganisho huu ni wa anayecheza Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau (poka ambayo kila mmoja ana karata mbili zake, na tano za mezani ni za wote), kwa blaindi, yaani madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, za kuanzia senti 2 na 5 hadi senti 10 na 25 za dola, na anajiuliza afungue meza ngapi, za watu sita au tisa, za kawaida au za kasi. Sitajifanya sina upande. Naegemea meza nne za watu sita, zilizopangwa bila kufunikana. Ila wapo ambao ningewaambia wafanye vingine, na nitawataja.

Tunapima nini

Kiwango cha ushindi huhesabiwa kwa blaindi kubwa unazopata katika kila mikono 100, na wachezaji huandika bb/100. Kwenye meza ya senti 5 na 10, mwenye 5bb/100 anapata senti 50 kila anapomaliza mikono mia. Meza moja ya watu sita hutoa mikono kama 75 kwa saa. Kinachoingia mfukoni ni kiwango chako mara idadi ya mikono, na balaa lake ni kwamba ukivuta kimoja juu, kingine kinateremka.

Tuchukue mchezaji wa kubuni, mwenye uwezo wa kawaida:

| Meza | Mikono kwa saa | bb/100 | bb kwa saa |
|---|---|---|---|
| 2 | 150 | 8 | 12 |
| 4 | 300 | 6 | 18 |
| 8 | 600 | 3 | 18 |
| 12 | 900 | 1 | 9 |

Safu ya tatu nimeitunga, yako itakuwa na namba zake. Tazama mteremko tu. Meza nne na meza nane zimetoka sare, 18bb kwa saa, na wengi wakifika hapo husema basi ni yale yale, ngoja nichukue nane.

Si yale yale. Kwanza angalia mawimbi. Katika meza za watu sita matokeo huyumba kwa takriban 90bb kwa kila mikono 100. Ukicheza mikono 300 kwa saa, saa moja ya kawaida inaweza kukupeleka juu au chini kwa kama 156bb. Ukicheza 600, ni kama 220bb. Mapato yale yale, mawimbi makubwa zaidi, mtaji mnene zaidi wa kuyavumilia.

Pili, ulipokosea makadirio. Tuseme ulijipa sifa kuliko unavyostahili na kila mstari upungue kwa 2bb/100. Wa meza nne anabaki na 4bb/100, yaani 12bb kwa saa. Wa meza nane anabaki na 1bb/100, yaani 6bb kwa saa. Kosa dogo lile lile limemkata mmoja theluthi na mwingine theluthi mbili. Na kwenye dau dogo, nani asiyejipa sifa kuliko anavyostahili?

Tatu ni makato ya nyumba, reki. Vyumba vingi vya poka mtandaoni hukata kama asilimia 5 ya poti, yaani pesa zote zilizowekwa katika mkono mmoja, na ingawa huwa kuna kikomo, poti za dau dogo mara nyingi hazikifikii. Poti ya dola 4 kwenye meza ya senti 5 na 10 inatoa senti 20, yaani 2bb zimeondoka kabla mshindi hajashika chochote. Ukicheza mikono maradufu kwa faida ile ile, nyumba imepata maradufu na wewe umebaki na ulichokuwa nacho.

Kinachopotea kwenye meza ya nane

Watu hudhani meza nyingi huharibu mchezo kwa sababu ya makosa makubwa: umebonyeza pasipostahili, umetupa jozi ya K ukidhani uko dirisha jingine. Yapo. Mimi nimewahi kupandisha dau nikiwa na 7 na 2 kwa sababu madirisha mawili yalibadilishana nafasi wakati kidole kiko njiani. Lakini makosa ya aina hiyo unayaona, unacheka au unatukana, yanaisha. Pesa nyingi hupotea mahali usipohisi kitu.

Huu hapa mkono mmoja. Umekaa nafasi ya mgawaji, una J na 10 za kopa. Unapandisha hadi 2.5bb, aliyeko kwenye blaindi kubwa anafuata. Karata tatu za mezani: J, 8, 3, rangi mchanganyiko. Anapita bila kuweka dau, unaweka 3bb, anafuata. Karata ya nne ni 5. Anapita, unaweka 6bb, anafuata. Karata ya mwisho ni K. Anapita tena. Poti ina 23.5bb.

Kwenye meza nane, saa ya pembeni imeanza kulia kwenye dirisha jingine. K imekutisha kidogo. Unabonyeza kupita, karata zinafunuliwa, ana 8 na 7, poti ni yako. Umeshinda! Hakuna kilichouma.

Kwenye meza mbili au nne, huenda ungekumbuka kwamba bwana huyu dakika kumi zilizopita alifuata madau matatu hadi mwisho akiwa na jozi ya 6, meza ina A na Q. Huyu hatupi jozi. Kwa hiyo K si tatizo, ni karata tu, na unaweka 12bb. Katika mara nne atakazolipa, tuseme tatu ana kitu dhaifu kuliko chako na moja ana K kweli. Unapata 12 mara tatu, unapoteza 12 mara moja: wastani wa 6bb kwa kila dau la aina hii. Ukiliacha dau hilo mara moja tu katika kila mikono 200, umejikata 3bb/100. Rudi kwenye jedwali uone tofauti kati ya meza nne na nane ni ngapi.

Upande wa pili wa sarafu ni pale bwana yule yule, mpole wa kufuata tu, anapopandisha dau lako kwenye karata ya mwisho. Aliyekuwa akimtazama anajua hajapandisha hata mara moja usiku mzima, na anatupa jozi yake bila majuto. Wa meza nane anaona sekunde zinaisha, anasema "huenda anadanganya," analipa.

Dau dogo lina sifa hii: faida yake haitoki kwa kuwazidi akili wazuri wenzako. Inatoka kwa wachache wanaofuata kila kitu, ambao wachezaji huwaita samaki, na kila mmoja wao ana ugonjwa wake. Mmoja hatupi jozi, mwingine hatupi karata za rangi moja, wa tatu akipoteza poti kubwa anaingia na chochote kwa dakika tano zinazofuata. Dawa ya kila mmoja ni tofauti, na huwezi kumpa mgonjwa dawa kama hukumuona. Mshika mawili moja humponyoka. Mshika nane sijui tumwambie nini.

Kuchagua kiti

Hili linasahaulika, na huenda ni kubwa kuliko mbinu zote ulizosoma. Mwenye meza chache ana nafasi ya kuchagua. Anatazama orodha ya meza zote za chumba, anaona meza ambayo wastani wa poti uko juu na watu wengi wanaona karata tatu za kwanza, anajiandikisha na kusubiri. Akipata kiti kibaya anaondoka. Kiti kizuri ni kile ambacho samaki yuko kulia kwako, ili yeye aamue kwanza na wewe uamue ukiwa umeona alichofanya. Kushoto kwako unataka watulivu wanaotupa karata.

Mwenye meza nane anakaa popote palipo wazi, kwa sababu kila dakika kuna meza inavunjika na anahitaji nyingine ya kuziba pengo. Mwisho wa siku anajikuta amekaa na wenzake watano wa meza nane nane, wote wakisubiri jozi ya A, wote wakilipa reki.

Wanaopaswa kucheza nyingi

Wapo. Mwezi Januari 2012 huko Bahamas, Randy Lew, anayefahamika mtandaoni kwa jina la nanonoko, aliweka rekodi ya Guinness kwa kucheza mikono 23,493 ndani ya saa nane, kwa sharti la kumaliza na faida. Alimaliza na faida ya dola 7.65. Piga hesabu: ni senti 3 na kidogo kwa kila mikono 100. Naitaja kwa heshima, maana kubaki juu ya sifuri kwa kasi ile ni jambo la ajabu, lakini pia inaonyesha kinachobaki hata kwa bingwa anapofikia ukingo wa macho na vidole vyake.

Kwa mtu wa kawaida, meza nyingi zina mantiki katika hali chache. Kama chumba unachochezea kinarudisha sehemu kubwa ya reki kulingana na wingi wa mikono, marejesho hayo yaweke ndani ya hesabu; 1bb/100 ikiongezewa 2bb/100 za marejesho ni habari nyingine. Kama umecheza kiasi kwamba maamuzi ya kabla ya karata za mezani yanajitokea yenyewe bila kufikiri, meza ya tano haitakugharimu kama inavyomgharimu mgeni.

Na kuna mchezaji mwenye kuchoka upesi. Ukimpa meza mbili, baada ya dakika ishirini anaanza kuingia na J na 6 kwa sababu mikono yake inawasha. Mpe nne na anatulia. Kwake kiwango cha ushindi kinapanda kutoka meza mbili kwenda nne, kinyume cha jedwali langu. Ukijijua wewe ni huyo, usijilazimishe meza mbili kwa sababu mtu fulani kaandika ni bora.

Hoja moja ya meza nyingi ina nguvu kuliko zote: kujua ukweli upesi. Ukiwa na mikono 10,000, namba inayoonyeshwa kwenye programu yako ina mtikisiko wa kama 9bb/100 kila upande. Mwenye 2bb/100 halisi anaweza kuona 11 na kujiona mfalme, au kuona -7 na kuuza kompyuta. Ukifika mikono 100,000, mtikisiko unashuka hadi kama 3bb/100. Kwa meza nne hiyo ni kazi ya saa 333, kwa nane ni saa 167. Ni kweli. Ila kumbuka unachopima ni mchezaji wa meza nane, na yeye si yule wa meza nne.

Watu sita au tisa

Blaindi mbili kwa pamoja ni 1.5bb. Kwenye meza ya watu sita unazilipa kila mikono sita, kwa hiyo mtu anayetupa kila karata anapoteza 25bb/100. Kwenye meza ya tisa anapoteza kama 16.7bb/100. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tabia za meza mbili hizi. Ya tisa inavumilia subira, unaingia na karata nzuri tu, maamuzi magumu ni machache, na kwa sababu hiyo unaweza kuongeza meza mbili tatu bila kuvurugika. Ya sita inakulazimisha kupigania poti ukiwa na jozi ya kati na hakuna uhakika, mara nyingi dhidi ya mtu mmoja.

Kama lengo lako ni kupanda ngazi, kaa kwenye sita. Ni ngumu, na ugumu huo ndio unaokufundisha kucheza baada ya karata tatu za kwanza. Kama unatafuta mchezo mtulivu wa jioni na huna mpango wa kupanda, tisa inakutosha, na meza sita za tisa hazichoshi kama nne za sita.

Za kawaida au za kasi

Meza za kasi, zile ambazo ukitupa karata unahamishwa papo hapo hadi meza nyingine yenye watu wengine, zilianza na Rush Poker ya Full Tilt mwaka 2010. PokerStars wakaleta Zoom mwaka 2012, na sasa vyumba vingi vina aina yake. Dirisha moja hutoa mikono 200 na zaidi kwa saa. Madirisha mawili yanakaribia meza sita za kawaida.

Kwa jicho langu, kwa dau dogo ni biashara mbaya kuliko inavyoonekana. Kila nilichosema kuhusu kumkumbuka mtu kinakufa: unakutana na jina, mkono mmoja, limepotea. Kiti huchagui. Na kwa kuwa kusubiri hakuna gharama ya muda, watu hutupa zaidi na kuingia na karata nzuri zaidi, hivyo hata samaki anacheza vizuri kidogo kuliko angecheza akiwa amekwama meza moja kwa saa nzima.

Zina faida moja ninayoikubali bila ubishi: mazoezi ya maamuzi ya mwanzo. Wiki moja ya dirisha moja la kasi inakupitisha kwenye hali nyingi za kabla ya karata za mezani, na humo ndimo unapojifunza, kwa mfano, kuacha kufuata dau ukiwa kwenye blaindi ndogo. Ama pandisha, ama tupa. Vyumba vingi havikati reki mkono ukiisha kabla ya karata za mezani, kwa hiyo ukipandisha na wote wakatupa, poti yote ni yako.

Mpangilio wa skrini na takwimu

Madirisha kando kwa kando, au yamerundikwa moja juu ya jingine huku lenye zamu likiruka mbele? Kando kwa kando, kama skrini inaruhusu. Rundo ni la haraka na linakubali meza kumi na zaidi, lakini linakuonyesha meza wakati wa zamu yako tu. Mkono ulioutupa unaendelea gizani, na ndimo bwana yule wa jozi ya 6 alimofunua karata zake. Skrini moja ya kawaida inabeba nne bila herufi kuwa ndogo mno. Sioni aibu kusema kwamba namba yangu ya nne imetokana kwa sehemu na ukubwa wa skrini yangu.

Programu za takwimu zinazobandika namba juu ya kila mchezaji husaidia kumbukumbu pale chumba kinapoziruhusu. GGPoker, kwa mfano, hawaruhusu za nje, kwa hiyo soma masharti kwanza. Namba mbili zinatosha kuanzia: asilimia ya mikono anayoingia kwa hiari na asilimia anayopandisha kabla ya karata za mezani. Mwenye 45 na 8 anaingia na karibu nusu ya karata na hapandishi: huyo ndiye wa kukaa kushoto kwake. Mwenye 22 na 18 anajua anachofanya. Namba hizi mbili huanza kueleweka baada ya mikono mia hivi. Nyingine, kama anavyoitikia dau la karata ya mwisho, zinahitaji mikono mingi mno, na kuziamini kwa mikono sitini ni kujidanganya kwa tarakimu. Programu pia haikuambii alifunua nini. Hicho ukiandike mwenyewe, maneno matatu kwenye kidaftari cha meza: "hatupi jozi kamwe."

Namna ya kuongeza

Ongeza meza moja, si mbili. Kaa na idadi hiyo kwa mikono 5,000 na usitazame pesa, kwa kuwa kwa mikono 5,000 pesa inasema bahati tu. Tazama mambo mengine: mara ngapi muda umeisha kabla hujaamua, mara ngapi umebonyeza pasipostahili, mikono mingapi umeiwekea alama ya kuirudia baadaye na mingapi umeirudia kweli. Ukiona umepita kipindi kizima bila kuandika neno hata moja kuhusu mtu yeyote, umezidisha.

Jaribio langu la haraka ni hili. Katikati ya mchezo, bila kuangalia, najiuliza aliyeko kulia kwangu kwenye meza ya tatu mara ya mwisho alifunua karata gani. Nikikosa jibu kwa meza moja, sawa, labda hakufunua. Nikikosa kwa meza mbili, nafunga moja papo hapo kabla blaindi haijanifikia.

Na wakati wa kufunga, mkono huenda wenyewe kwenye meza unayopoteza. Uzuie. Meza unayopoteza mara nyingi ndiyo yenye yule aliyefuata madau matatu na 9 na 4 akapata anachotaka kwenye karata ya mwisho, na pesa zako bado ziko mbele yake. Funga ile yenye watulivu watano ambayo hujashinda wala kupoteza kitu tangu saa moja iliyopita.